Chai Tuliyoikodisha Ili Nisiende Njoro

Nina shahada ya uchumi wa kilimo na sijutii kuisoma. Ninaloungama ni bei yake. Niliifanya familia yangu iilipie mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na niliweza kufanya hivyo kwa kumnyima baba yangu habari moja niliyokuwa nayo.

Naandika haya kwa kuwa kila mwaka, matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, hapa Ikonge na katika milima yote ya Nyamira na Kisii kuna mzazi anayeketi na mwanawe kupanga karo, na kuna ng'ombe, kipande cha ardhi au shamba la chai linalongoja kuamuliwa. Mzazi huyo anaweza kuwa wewe. Mwana naye anaweza kuwa kama nilivyokuwa mimi.

Nilifanya mtihani mwaka 2008. KUCCPS, inayowapangia wanafunzi vyuo siku hizi, haikuwepo. Waliosomeshwa na serikali walichaguliwa na Bodi ya Pamoja ya Udahili, ambayo sote tuliiita JAB, na bodi hiyo ilichukua wanafunzi kwa kuhesabu vitanda vya mabweni katika vyuo vya umma. Vitanda vilikuwa vichache, kwa hiyo foleni ilikuwa ndefu. Mtu alimaliza shule, akachaguliwa, kisha akakaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuingia chuoni. Mlundikano huo ulianza kupungua mwaka 2011 vyuo vilipopokea makundi mawili kwa mpigo. Mimi nilikuwa mbele ya hapo. Orodha ilipotoka nilikuwa nimepangiwa uchumi wa kilimo, Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro.

Kozi yenyewe niliiomba mimi. Nilipenda hesabu, na nilikulia katika nyumba ambayo bei ilizungumzwa kila jioni. Ardhi yetu, kama ya jirani zetu wengi, ni ukanda mwembamba unaoshuka kutoka barabarani hadi mtoni: nyumba na migomba juu, chai katikati, majani ya ng'ombe na mikaratusi chini. Chai ni nusu eka. Ndiyo iliyotusomesha, kwa sababu kwetu ndilo zao linaloleta fedha kila mwezi, na Oktoba ikifika kuna bonasi. Mahindi ni ya kula. Kahawa hulipa mwaka huu na mwaka ujao isilipe. Pareto, ambayo wazee wetu walijengea nyumba za mabati, ilikuwa imeshang'olewa kwa sababu malipo yalichelewa mpaka watu wakachoka. Nilitaka kujua kwa nini zao moja linamlipa mkulima na jingine linamtupa. Hamu hiyo ilikuwa ya kweli na bado ninayo.

Lakini nilikuwa na aibu pia. Huku kwetu ardhi imegawanywa mpaka ikawa vipande vya kuwania, na mzazi humpeleka mtoto shule ili atoke shambani. Mtoto wa jirani yetu alikuwa akisomea uanasheria. Mwingine alikuwa anangoja kwenda kusomea udaktari. Nilipotaja kozi yangu dukani, mama mmoja aliniuliza kama nakwenda kusomea jembe, na jembe si liko nyumbani? Hakuwa na ubaya. Nilicheka pamoja naye, ila neno lilinikaa. Na Njoro, kwa jinsi nilivyoifikiria, ilikuwa shamba jingine: ng'ombe, ngano, baridi. Nilijiona nikitoka shamba kwenda shamba, tena baada ya kukaa nyumbani miaka miwili nikichuma chai mbele ya macho ya wote walioniuliza habari ya jembe.

Kulikuwa na mlango wa pili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vyuo vya umma vilikuwa vimeanza kupokea wanafunzi wanaojilipia, masomo tuliyoyaita paralelo. Huko hapakuwa na kungoja. Chuo kimoja jijini Nairobi kilifundisha kozi ileile kwa utaratibu huo, na ningeanza Septemba 2009. Karo yake ilipita laki moja kwa mwaka, bila chumba, kwa maana wanafunzi wa paralelo walijitafutia pa kulala. Niliona kwamba Nairobi ingeitakasa kozi yangu. Ukisema unasoma Nairobi, watu hawaulizi unasoma nini.

Baba huniita mama, kwa kuwa nina jina la mamake. Aliniuliza, "Mama, hiyo ya Njoro ikoje?"

Nikamwambia, "Ni kungoja, baba. Karibu miaka miwili. Na mambo ya serikali hayana uhakika."

"Na ya Nairobi?"

"Ya Nairobi naanza mwaka huu."

Hayo yote yalikuwa kweli. Sikusema uongo hata mmoja. Lakini mwalimu wangu alikuwa ameniita ofisini na kunieleza jambo jingine kwa utaratibu, na nililielewa. Mwanafunzi aliyechaguliwa na JAB alihesabiwa gharama ya masomo ya shilingi 86,000 kwa mwaka. Serikali ililipa 70,000. Yeye alilipa 16,000. Tena HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ilikopesha kati ya 35,000 na 60,000 kwa mwaka kwa riba ya asilimia 4, na deni lilianza kulipwa baada ya masomo. Mwalimu alisema, "Mwambie mzee asiuze kitu."

Sikumwambia. Nilimpa baba habari ya kungoja, habari ya karo nikabaki nayo. Nilijua kwamba akisikia shilingi 16,000 mazungumzo yangeishia hapo.

Wiki chache baadaye alikodisha chai.

Kwa asiyejua utaratibu huu, ni rahisi na umeenea sana kwetu. Mwenye chai anapewa fedha zote kwa mkupuo, na mkodi anachuma kwa miaka waliyokubaliana. Malipo ya kila mwezi ni yake, bonasi ni yake, gharama za wachumaji na mbolea pia ni zake. Karatasi huandikwa mbele ya mzee wa kijiji na mashahidi. Chai inabaki pale pale ulipoipanda, unaiona kila asubuhi ukifungua mlango, ila si yako mpaka muda uishe. Mikataba mingi huandikwa Januari na Februari, wakati wa kuripoti shule, kwa sababu hapo ndipo wenye chai wanapobanwa. Sisi tulikodisha kwa mwalimu wa jirani, mtu mwema, kwa shilingi 150,000 na muda wa miaka 6. Fedha zile zililipa karo ya mwaka wangu wa kwanza, godoro, na chumba.

Sitasema mengi juu ya Nairobi. Nilisoma kwa bidii. Wahadhiri wangu walikuwa wazuri na nilichofundishwa kilikuwa kamili. Chuo kile hakikunidanganya. Kiliandika bei yake wazi, nami nikaikubali kwa fedha zisizo zangu.

Katika mwaka wa pili tulimsoma Theodore Schultz. Ningependa kila mzazi wa Ikonge amjue mtu huyu. Alizaliwa mwaka 1902 katika shamba huko Dakota Kusini, Marekani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowamaliza wafanyakazi wa mashambani, babake alimtoa shuleni baada ya darasa la nane ili asaidie kazi. Hakupita sekondari. Mwaka 1921 aliingia chuo cha kilimo cha jimbo lake, katika mji mdogo wa Brookings, kwa kozi iliyofundishwa miezi ya baridi tu, wakati mashamba yamelala. Akaendelea hapo hapo mpaka shahada, kisha akapata shahada ya uzamivu Wisconsin mwaka 1930. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Arthur Lewis. Aliandika kwamba mkulima maskini si mjinga: hutumia kidogo alicho nacho kwa hesabu nzuri, na anachokosa ni njia mpya zilizo bora, wala si akili. Tena aliandika kwamba elimu ni mtaji, na kwamba sehemu kubwa ya gharama ya masomo haionekani kwenye risiti ya karo, kwa kuwa ni kipato anachokiacha mwanafunzi ili akae darasani.

Niliyaandika hayo daftarini na kuyajibu kwenye mtihani. Sikuyaleta nyumbani. Nilisoma kwamba mkulima ana hesabu nzuri, na sikujiuliza kwa nini baba yangu, mkulima mwenye hesabu nzuri, alifanya hesabu mbaya mara ile moja. Alifanya hesabu mbaya kwa sababu nilimpa nusu ya tarakimu.

Kilichofuata kilikuja polepole. Orodha za vitabu na makala tulizopewa kuhusu wakulima wadogo wa Kenya zilijaa jina la Tegemeo. Bei ya mahindi, mbolea, kipato cha kaya: Tegemeo. Taasisi hiyo imefuatilia familia zilezile za wakulima kwa miaka mingi, ikirudi kuzihoji mwaka 1997, 2000, 2004, 2007 na 2010, na Wakisii wamo. Ni taasisi ya Chuo Kikuu cha Egerton. Chuo ambacho nilikiona shamba tu kilianzishwa mwaka 1939 na Lord Egerton kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu mwaka 1987, na kazi zake ndizo nilizokuwa nazisoma Nairobi, katika chumba cha kupanga, kwa fedha za chai.

Mwaka wa tatu tulifika kwenye hesabu za kutathmini miradi. Fedha ya leo na fedha ya kesho hazina thamani moja, na kuna njia ya kuzilinganisha. Mhadhiri alitutaka kila mmoja alete mfano halisi wa mkulima aliyepokea au kutoa fedha kwa miaka kadhaa. Wengine walichagua ng'ombe wa maziwa, wengine mabwawa ya samaki. Mimi nilichagua kodi ya chai yetu, kwa sababu tarakimu zilikuwa karibu. Nilimpigia mama simu, akanisomea hati za malipo za zamani alizozihifadhi ndani ya Biblia. Ukitoa wachumaji na mbolea, nusu eka yetu ilibakiza kama shilingi 60,000 kwa mwaka.

Nikaziweka kwenye kompyuta. Pokea 150,000 leo. Toa 60,000 kila mwaka kwa miaka 6. Mkopo wa namna hii una riba gani?

Jibu lilikuwa karibu asilimia 33 kwa mwaka.

Nilidhani nimeandika vibaya. Nikafuta, nikaandika upya, jibu likawa lile lile. Nikalifanya kwa mkono, kwenye karatasi, mwaka baada ya mwaka, kwa jedwali la nyuma ya kitabu. Halikubadilika. Maktaba ilikuwa na watu wengi na nakumbuka nilifunika skrini kwa daftari, kana kwamba mtu angeisoma na kujua ni ya nani.

Mwalimu mkodi hakuwa mwizi. Yeye ndiye aliyebeba hatari. Mvua ya mawe inapiga chai yetu karibu kila mwaka, ukame unakuja, bei ya mnada wa Mombasa inashuka bila kumuuliza mtu. Fedha zake zingekaa shambani kwetu miaka 6, na mtu mwenye fedha ana haki ya kulipwa kwa kungoja na kwa hofu. Nilijaribu kujifariji kwa hoja hiyo, na ni hoja ya haki. Ila haikufuta tarakimu ya pili iliyokuwa pembeni ya karatasi, niliyoiandika bila kufikiri: asilimia 4. Mkopo wa HELB. Niliukataa mkopo wa asilimia 4 na kumfanya baba akope kwa 33.

Niliwasilisha kazi bila kusema ni ya kwetu. Mhadhiri aliirudisha na alama nzuri, na kwa penseli, pembeni, alikuwa ameuliza: "Mkulima huyu alikuwa na dharura gani? Ugonjwa?"

Hilo ndilo swali lililonikata. Kwa mtu aliyesoma mkataba ule bila kutujua, ulionekana mkataba wa mtu aliyebanwa na kifo au hospitali. Hakuna mtu angetia sahihi hivyo kwa hiari. Na dharura haikuwepo. Kulikuwa na msichana aliyeona aibu kusoma kilimo Njoro.

Usiku ule nilifanya hesabu nyingine, ambayo haikuwa katika zoezi. Kama ningengoja, chai ingebaki yetu. Miaka miwili ya kungoja, kwa 60,000, ni shilingi 120,000. Karo ya Njoro kwa miaka minne, kwa 16,000, ni 64,000. Ile miaka miwili niliyoiogopa ingelipa masomo yangu yote na kubakiza karibu nusu ya fedha kwa usafiri, vitabu na ada ndogondogo, huku mikono yangu mwenyewe ikipunguza gharama ya wachumaji. HELB ingenilisha. Baba asingemdai mtu wala kudaiwa.

Nilipofunga chuo nilimweleza. Nilimwambia kwanza habari ya 16,000, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa kosa, kisha hesabu ya riba. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nilijua ni ghali, mama. Nilidhani hakuna njia nyingine." Hakuongeza. Tuliendelea kukaa, mama akaleta chai, na maongezi yakahamia kwenye ndama.

Gharama nitaitaja ilivyo. Mkodi alipata karibu shilingi 360,000 kwa 150,000 alizotoa. Miaka yangu mitatu iliyobaki ililipwa kwa ndizi za mama, mkopo wa baba mkubwa, na harambee moja. Mdogo wangu alimaliza darasa la nane nikiwa mwaka wa kwanza, akaitwa shule ya bweni ya mkoa. Fedha hazikuwepo, akaenda shule ya kutwa iliyo karibu. Alipata C katika KCSE, chini kidogo ya kiwango cha chuo kikuu. Siwezi kudai kwamba shule ya bweni ingempa alama nyingine. Naweza kusema tu kwamba hakupewa nafasi ya kujua, na sababu ilikuwa mimi.

Chai ilirudi mwaka 2015 ikiwa imechoka. Miaka miwili ya mwisho mkodi alipunguza mbolea, na elimu yangu inanilazimisha kusema kwamba alifikiri sawasawa: mbolea unayoweka mwaka wa mwisho wa kodi humnufaisha mwenye shamba, haikufikii wewe. Hakuna aliyeandika neno la mbolea katika mkataba wetu. Ilibidi tuikate, na chai iliyokatwa hukaa miezi bila kuchumwa.

Na ule muda nilioununua? Nilimaliza mwaka 2013. Katiba ya 2010 ilikuwa imekabidhi kilimo kwa kaunti na kaunti zilikuwa zimeanza kazi mwaka huo niliomaliza, kwa hiyo niliamini kazi zingekuwa tele. Ofisi zilikuwa bado zinatafuta viti. Nilizunguka na bahasha ya vyeti kwa muda unaokaribia ule niliokataa kungoja. Nilipoajiriwa hatimaye katika mradi wa kilimo, meza ya pili aliketi kijana wa huku huku aliyesoma Njoro. Cheo kimoja, mshahara mmoja. Katika miaka yake ya kungoja alifundisha shule ya msingi ya kijijini na kuotesha miche ya mikaratusi ya kuuza. Alipoingia chuoni alikuwa ameshauza, ameshadaiwa, ameshapata hasara, na nilipomwona akiongea na wakulima nilielewa kwamba miaka ile ilimfunza. Hakuna mtu hata mmoja, katika usaili wowote, aliyewahi kuniuliza kwa nini Nairobi.

Sasa niseme kwa nini sijutii kozi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa na kikundi cha kina mama wanaouza ndizi. Kwetu mkungu huuzwa kwa macho. Mnunuzi anautazama, anautikisa, anataja bei, na lori liko pale linanguruma ili mama aharakishwe. Tulileta mizani. Tulipima mikungu ya asubuhi moja na kugawa bei kwa kilo, tukaona kwamba mama mmoja amelipwa vizuri na mwenzake aliyesimama hatua tatu kutoka kwake amepewa kidogo sana kwa ndizi za aina ile ile. Wale kina mama walijua siku zote kwamba wanapunjwa. Walichokosa ni tarakimu ya kuweka mezani. Baada ya hapo waliuza pamoja, kwa kilo, na wanunuzi wengine wakaondoka na wengine wakabaki. Hiyo ndiyo thamani ya uchumi wa kilimo, na inafundishwa Njoro, inafundishwa katika kampasi ya Kabete, Nairobi, na Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko karibu na sisi kiasi cha mwanafunzi kurudi nyumbani Jumamosi kuchuma. Ukitaka kujua kama kozi ni nzuri, uliza wanafunzi wake hupelekwa wapi kwa mafunzo ya kazini, kama wanafundishwa takwimu kwa data halisi, kama mhadhiri amewahi kusimama katika soko. Jina la mji halimo katika maswali hayo.

Paralelo ya siku zangu imekwisha. Mtihani wa mwaka 2016, Fred Matiang'i akiwa waziri wa elimu, ulitoa wanafunzi 88,929 tu wenye C+ na zaidi, na KUCCPS ikawapa wote nafasi. Waliokuwa wakijilipia wakapungua ghafla. Lakini kosa langu linaweza kufanyika katika utaratibu wowote. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo wa kuwapanga wanafunzi kwa uwezo wa familia, ambao baadaye ulikuwa na ngazi tano: ngazi ya kwanza familia ililipa asilimia 5, ya tano asilimia 40, sehemu iliyobaki ikiwa msaada na mkopo. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Mzazi aliye Ikonge hana haja ya kufuata kila hatua ya kesi. Anahitaji kuambiwa na mwanawe mambo yote yaliyomo katika barua: gharama nzima ya kozi, sehemu ya familia, msaada, mkopo na riba yake, na nafasi nyingine alizopewa hata kama hazitaki. Asome mwana, na asikie pia mwalimu au jirani anayesoma, ili kurasa zisirukwe.

Nawe uliyemaliza shule, kama kuna tarakimu unayoificha kwa sababu unajua itakunyima unachotaka, hiyo ndiyo tarakimu baba yako anaihitaji. Mpe leo, kabla hajaenda kwa mkodi.

Kama mkataba wa kukodisha chai umeshaandikwa na unangoja sahihi tu, uleteni Ikonge kwanza. Nitaupigia hesabu ya riba yake bila malipo, mzazi na mwana wakiwa wameketi pamoja, na kifungu cha mbolea nitakiandika mwenyewe.